Flashi Iliyoazimwa

Raudha alipochomeka flashi kwenye kompyuta mpya, kitu cha kwanza kutokea kwenye kioo kilikuwa picha ya mwimbaji wa taarabu, kajishika kiuno, analicheka duka zima. Akadhani amebeba flashi ya watu. Akaichomoa, akaigeuza upande huu na upande huu. Ilikuwa yenyewe, nyekundu, na ubavuni ina alama ya rangi ya kucha aliyoipaka kwa mkono wake. Akairudisha. Taarabu. Chini ya taarabu, singeli. Chini ya singeli kulikuwa na folda iliyoandikwa "Singo ya bi harusi", na chini ya hapo hapakuwa na kitu.

"Vipi, imefunguka?" akauliza Faraji, mumewe. Alikuwa amepiga magoti analikunja boksi la kompyuta, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefanya jambo la maana.

"Nembo hazipo."

"Hazipo vipi? Angalia vizuri, Mama Ilham. Hii mpya, labda inapanga vitu vyake tofauti."

"Baba Ilham, humu mna nyimbo tu."

Faraji akasimama, akaja kuangalia. Akamwona mwimbaji. Tabasamu likamtoka usoni, likabaki boksi mkononi.

Duka lao lilikuwa Chang'ombe, chumba kimoja kinachotazamana na geti la kiwanda, na kazi yao ilikuwa kudarizi nembo kwenye masweta ya shule. Walikuwa na mashine moja ya sindano sita, na mashine yenyewe, kwa ukubwa wake wote na kelele zake zote, haikuwa inajua chochote. Kila nembo ilibidi Raudha aichore kwanza kwenye kompyuta, mshono kwa mshono, ndipo mashine ilishwe na kuanza kudarizi; ukiizima, imesahau. Miaka yote ya duka lile ilikuwa kwenye kompyuta ya zamani: mienge, vitabu, twiga wenye shingo fupi na twiga wenye shingo ndefu, ngao za kila namna. Nembo moja iliweza kumla siku mbili mpaka macho yakamwasha. Na sasa ilikuwa mwisho wa Desemba, shule zinakaribia kufunguliwa, na masweta yamejaa kwenye viroba mpaka mlangoni.

"Ya zamani iko wapi?" Raudha akauliza. Aliuliza polepole, kwa sababu jibu alikuwa ameshaanza kulihisi.

"Nimempa yule jamaa wa Kariakoo. Akanipunguzia bei ya hii. Tena muungwana, kaisafisha kabisa mbele yangu, kafuta kila kitu ili siri zetu zisi..." Faraji akajisikia mwenyewe anavyosema, akaliweka boksi chini.

"Tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana ya zamani isiguswe mpaka mpya idarizi nembo zote."

"Sasa?"

"Sasa mie nikajua si flashi ipo nyumbani? Wewe mwenyewe kutwa kucha, kuna kopi, kuna kopi. Nikasema basi, kama kopi ipo, hili dude bovu tunaliwekea nini?"

Hilo ndilo lililomuuma Raudha kuliko yote, maana Faraji alikuwa anasema kweli. Hakuwa mzembe. Alimwamini mkewe, akaiamini na flashi.

Raudha hakuwa amezaliwa mwoga wa kompyuta. Woga wake ulianza siku lilipoungua duka la kadi za harusi, milango miwili kutoka kwao. Mwenye duka alikaa ukingoni mwa mtaro, majivu miguuni, na hakulilia mashine wala viti. Alililia picha za watu. Wateja walikuja wiki nzima kumuuliza picha zao, na yeye kila mmoja alimjibu vilevile, kwa sauti ya chini, mpaka mwisho akawa haji tena. Raudha alirudi nyumbani akaweka masharti. Kopi ikae mbali na duka. Kompyuta haibadilishwi msimu wa shule. Ikibidi kubadilishwa, mpya na ya zamani zikae pamoja mpaka mpya ionekane inaweza. Tena kopi yenyewe alikwenda kuijaribu kwenye kompyuta ya watu, aone kama inafunguka kweli. Faraji alicheka sana siku hiyo. Aliwaambia watu pale kijiweni kwamba mkewe anafanya mazoezi ya msiba.

Kompyuta ya zamani ilianza kuzimika yenyewe mwezi wa Novemba, kwa hiyo sharti la msimu likavunjika bila mtu kupenda. Mengine Raudha alidhani yamesimama.

* * *

Bi Tunu, mama yake Faraji, alikuwa uani amekaa mkekani anachagua mchele. Raudha akamwamkia, akapita moja kwa moja hadi kwenye kabati la vyombo, akatoa kikombe cha wageni ambamo flashi ilikuwa ikikaa, akakiangalia ndani kana kwamba nembo zingeweza kumwagikia humo. Akarudi uani.

"Mama, kuna mtu aliichukua ile flashi yangu?"

"Kipi? Kile kidude chekundu? Alikuja kukiazima Mwanabaraka, kwa ngoma za singo ya mwanawe alipokuwa anaolewa. Kesho yake kakirudisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Kitu kimekwenda, kimerudi, nikwambie nini?" Bi Tunu akainua uso. "Nilipolazwa, Mwanabaraka ndiye aliyelala chini ya kitanda changu kule wodini. Leo aje kuniomba kitu kama ukucha nimwambie hapana?"

Mwanabaraka alikaa nyumba ya pili na alikuwa na masikio mazuri. Alisikia jina lake, akaja hata hakuitwa, kanga kajifunga kifuani, uso umemchangamka.

"Shikamoo, bimkubwa. Raudha shoga, nyimbo umezisikia? Ile taarabu uipendayo nimekuwekea mwanzo kabisa!"

"Wewe ndiye uliyeweka?"

"Sasa nikirudishe kitupu, mie sina adabu? Nilimwambia DJ, hiki kidude cha watu, wamenifaa, nijazie kisawasawa."

Mtaani kwao hivyo ndivyo watu walivyoishi. Sahani ikija na futari kwako, inarudi kwao na kaimati. Bakuli likienda na mchuzi, linarudi hata na ndimu mbili, lakini tupu halirudi. Mwanabaraka hakuona tofauti ya flashi na bakuli, na ukitaka kusema haki, nani aliwahi kumwambia kwamba ipo?

"Na vilivyokuwemo?" Raudha akauliza.

"Vile? DJ alisema mna vitu havisomeki, vimejaza nafasi bure. Akavifuta. Mie nikadhani takataka za kompyuta." Akawatazama wote wawili, akaanza kupunguza furaha. "Kwani vilikuwa nini?"

Raudha alitamani kupiga kelele. Maneno yalimjaa kinywani, makali, ya kumtoa mtu machozi. Akamwangalia yule mwanamke aliyesimama na wema wake wote mikononi, akashindwa pa kuanzia.

"Zilikuwa nembo za shule," akasema. "Zote."

Mwanabaraka akakaa chini palepale, kwenye sakafu, mkono mdomoni. Alipoanza kuomba radhi hakujua kuacha, mpaka Raudha ikabidi ambembeleze yeye. Alipoondoka, walibaki wawili na mchele wao.

"Raudha mwanangu," Bi Tunu akasema. Hakuwa anachagua mchele tena. "Mashine ile ndiyo kiwanja changu cha Kipawa. Nilikiuza kuinunua, kwa sababu ulinikalia hapa, mahali hapahapa, ukaniambia hakitapotea kitu."

"Nilisema, mama."

"Sasa kimepotea, na aliyekitoa ndani ni mie." Akainuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani kwake, na mchana ule hakutoka kula.

* * *

Asubuhi ya pili yake Raudha alikuwa anafua, mikono imo kwenye povu, ndipo ikamjia. Yale mazoezi ya msiba. Kopi aliijaribu kwa Benson. Na alipokuwa akiijaribu, Benson alimwambia aihamishie kwanza kwenye kompyuta yake, maana ingefunguka haraka. Je, baadaye waliifuta? Hakukumbuka kufuta. Aliziacha nguo kwenye beseni, akachukua mtandio.

Benson alikuwa na steshenari ndogo karibu na kituo cha polisi: anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, anaandikia watu barua za kuomba kazi. Alikuwa kijana mpole, na mvivu wa kiwango chake. Kioo cha kompyuta yake kilikuwa kimejaa mafaili kama meza ya mitumba siku ya kufungua balo.

"Benson, ile siku nimekuja kujaribu mambo yangu hapa, tulifuta?"

"Sista, mie sifutagi kitu," akasema kwa aibu kidogo. "Kila siku nasema nitasafisha. Ngoja tuangalie."

Wakatafuta. Wasifu wa watu walioshaajiriwa na walioshakufa, barua za mwaliko, matangazo ya vyumba vya kupanga. Raudha alikuwa ameshika ukingo wa meza. Benson akateremsha, akateremsha, akasimama. "Hii siyo? Jaribio la Raudha."

Ilifunguka. Mwenge ulikuwepo. Twiga walikuwepo, wenye shingo fupi na wenye shingo ndefu. Raudha akacheka, halafu akalia, halafu akamwambia Benson mafua tu, na Benson, kwa adabu, akamsogezea karatasi za kuprintia ajifutie.

Kisha akaanza kuzipitia moja moja, na mwisho furaha ikapungua. Jaribio lilifanyika kabla ya Novemba. Nembo ya shule mpya ya kulipia ya Toangoma ilichorwa baada ya hapo, na oda ya Toangoma ndiyo iliyojaza viroba mpaka mlangoni. Nembo yao ilikuwa korongo aliyesimama kwa mguu mmoja juu ya kitabu, mdomoni kabeba tawi, na chini yake maneno madogomadogo ya kizungu. Kumchora ndege yule kulimtesa Raudha kuliko nembo zote. Sweta la mfano, lililokubaliwa, lilikuwa kwa mwalimu mkuu.

"Mwambie unataka kuhakikisha rangi ya uzi," Faraji akamshauri aliporudi dukani. "Usimweleze mambo ya flashi. Watatuona wahuni."

* * *

Mwalimu mkuu aliitwa Madam Eliaichi, na hakuwa mtu wa kuharakishwa. Raudha alikaa benchini pamoja na wazazi waliokuja kuandikisha watoto, akaitwa baada ya wote, hata baada ya fundi bomba. Katibu akampa kiti kilichovunjika mgongo.

"Nimekuja kuomba lile sweta la mfano, Madam. Mara moja tu."

"La nini? Si mlishachora, mkanihakikishia mmeshaanza?"

Uongo wa rangi ya uzi ulikuwa tayari mdomoni. Raudha akamtazama yule mama na miwani yake, akafikiria korongo mpya atakavyotoka, tawi limepinda kidogo, herufi imenenepa kidogo, na yule mama akimweka pembeni ya korongo wa kwanza. Angeona. Mtu wa namna ile lazima angeona.

"Mchoro umepotea," akasema. Akamweleza yote: kompyuta iliyopelekwa Kariakoo, kikombe cha wageni, singo ya binti wa jirani.

Madam Eliaichi alisikiliza bila kumkatiza. "Kwa hiyo," akasema, "korongo wa shule yangu amefutwa ili watu wacheze taarabu."

Katibu akajifanya anakohoa. Raudha alisikia joto limempanda mpaka masikioni.

"Na singeli, Madam," akasema.

Hapo mwalimu mkuu akataka kucheka, akajizuia. Akafungua kabati, akatoa sweta, lakini hakumpa. Aliliweka mezani na mkono wake juu yake.

"Nakushukuru hukunidanganya. Masweta ya shule ya msingi ufanye wewe, na Jumamosi niyaone. Ya sekondari nampa fundi wa Ubungo."

"Madam, uzi wote tumeshanunua."

"Najua. Sikukomoi, mama. Wewe ulikuwa na kopi moja ikakutosa, na mimi nilikuwa na fundi mmoja. Kuanzia leo ninao wawili."

Raudha akalichukua sweta. Angekuwa yeye kwenye kiti cha Madam, kilicho kizima, angesema hivyohivyo. Njiani akakumbuka uzi wa buluu uliojaa dukani, wa masweta ya sekondari ambayo hayatakuja tena, na moyo ukamuuma.

* * *

Alimchora korongo upya, sweta kalitandaza pembeni ya kioo, anahesabu mishono kwa ncha ya sindano. Faraji alikuwa mpole kuliko kawaida. Alileta chai bila kuombwa, akafagia mara mbili palipo safi, na Raudha alipomwomba asiongee, hakuongea. Mara moja tu alivunja ahadi.

"Mama Ilham, mie nilitaka kukupunguzia."

"Najua."

"Nilikuwa nakuonaga unahangaika na lile dude bovu, roho inaniuma."

"Najua, Baba Ilham. Ndiyo maana sijakutukana."

Ndege wa kwanza alitoka na jicho shavuni. Wa pili tawi lilimkaba koo. Wa tatu walimweka kando ya yule wa mfano, wakasogea mlangoni kwenye mwanga, na Faraji akashindwa kusema yupi ni yupi. Ndipo mashine ikaachiwa, ikaanza kunguruma.

Bi Tunu alikuja siku ya pili yake. Tangu mashine inunuliwe alikuwa amefika dukani mara moja tu, siku ya dua. Akapewa kiti, akakaa karibu kabisa, fimbo katikati ya magoti, akatazama sindano zinavyoshuka na kupanda na mguu mmoja wa korongo unavyotokea kutoka kwenye sweta tupu.

"Kumbe ndicho kinachofutika hiki," akasema.

"Ndicho, mama."

"Mie nilidhani kile kidude ni kama kalamu. Umeazima kalamu, wino si umo mlemle?" Hakungoja jibu. Alichukua sweta lililokwisha, akaanza kukata nyuzi zilizobaki nyuma ya nembo kwa mkasi mdogo, na akaendelea kukata mpaka adhuhuri. Jumamosi masweta ya msingi yalifika Toangoma. Madam Eliaichi aliyageuza machache, akatia sahihi, na hakusifu.

* * *

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, walikaa sebuleni. Raudha alikuwa na flashi mpya. Nembo zote zilikuwa kwenye kompyuta ya duka, na Benson alikubali kutunza kopi ya pili kwake, akaahidi kuendelea kuwa mvivu. Ilibaki ya nyumbani.

"Tuifungie kwenye droo," Faraji akasema. "Mtu akija kuazima, anaambiwa hakuna. Basi."

"Kumwambia Mwanabaraka hakuna, na anajua ipo?" akauliza Bi Tunu.

"Hata akijua."

"Wewe utasema. Tunaobaki hapa ni sie."

Raudha alikuwa ameshalifikiria. Akatoa flashi ya pili, nyeusi, akamwekea mama mkwe kiganjani. "Hii ya kuazimisha, mama. Ikae kwenye kikombe. Akija yeyote mpe. Hata ikirudi imejaa ngoma za kwao, hewala." Bi Tunu akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya mchele, akaifunga mkononi.

"Na ile yenyewe?" akauliza.

Hapo ndipo walipokwama. Droo ya Faraji ilikuwa inafunguliwa na kila mtu anayetafuta kiberiti. Chini ya godoro, mtoto wao Ilham akirudi kutoka chuoni angeikuta. Kabati la vyombo lilishajulikana na mtaa mzima. Bi Tunu aliwasikiliza wakitaja sehemu moja moja na kuziondoa, halafu akajiinua.

"Raudha, njoo."

Chumbani kwake aliinama, akakataa kusaidiwa, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Raudha alikaa nyumba ile miaka yote hiyo na hakuwahi kuliona limefunguliwa. Kila mtu alijua kilichomo, na hakuna aliyeuliza. Harufu ya kafuri ikatoka, na ya udi, na ndani yake kulikuwa na bafta nyeupe, mpya, iliyokunjwa vizuri. Ilikuwa sanda yake. Aliinunua mwenyewe mwaka aliofiwa na mumewe, ili asije akamhangaisha mtu.

"Weka humu. Hiki hakuna jirani anayekuja kukiazima."

Faraji alikuwa mlangoni. "Mama, jamani!"

"Mama nini? Hamkusema mnataka mahali pasipoguswa na mtu?"

Raudha akapiga magoti. Akaisukuma flashi kwenye kona, kando ya kitambaa.

"Lakini mama, kila Ijumaa itabidi niitoe niijaribu. Nione kama inafunguka."

"Kila Ijumaa nitakufungulia."

Swali lililofuata halikuwa la kuulizwa, na Bi Tunu aliliona usoni mwake.

"Na siku nikishindwa kufungua," akasema, kwa sauti ileile aliyotumia kuagiza chumvi dukani, "utafungua wewe. Mtakuwa mmekuja kuchukua sanda. Basi kwanza toa kidude chako, ndipo uwape hao waoshaji kitambaa. Msije mkanizika na kiwanja changu."

Akafunga sanduku. Ufunguo wa pili, ambao hata Faraji hakuwahi kuushika, akaufunga kwenye pindo la kanga ya Raudha, akalikaza fundo kwa meno.